Fimbo ya Reli ya Cwm Helyg

Sogea nikutege, mjukuu wangu, kabla treni haijaondoka. Ninayo fimbo. Haichapi mtoto, haichungi kondoo, na mzee haiegemei. Lakini asiyeishika hapiti, hata kama njia nzima ni yake peke yake. Fimbo gani hiyo?

Umeshindwa? Nipe mji. Cardiff sitaki, nilipewa na walioshindwa wiki iliyopita na mvua yake bado inanivujia. Nipe Swansea, niketi ufukweni nikusimulie.

Ni fimbo ya reli yetu. Kipande cha mti chenye shaba ncha zote mbili, kirefu kupita kidogo mkono wa mtu mzima, kimepakwa rangi nyekundu, na kwenye shaba yamechongwa majina ya vituo viwili: Cwm Helyg na Pen-y-graig. Njia ni moja tu. Basi wazee wa zamani wakaweka sheria: fimbo nayo iwe moja, na dereva asiye nayo asisogeze hata gurudumu. Hivyo treni mbili hazitakutana uso kwa uso zikaanza kubishana nani arudi nyuma.

Sheria nzuri. Ila sisi tuna injini moja. Treni yetu ikigongana na nyingine, hiyo nyingine itakuwa imeshuka kutoka mbinguni.

Jumamosi iliyopita hadithi yetu iliishia mlangoni mwa kibanda cha ishara, pale treni inapopewa ruhusa ya kuondoka. Angharad, injini yetu, ameshiba maji na makaa ya mawe na anafoka mvuke kama mama mkwe aliyepewa chai ya baridi. Mabehewa mawili yamejaa watu waliovaa nguo za kanisani. Mkaguzi, Bi. Thwaite, ametoka Uingereza asubuhi hiyo kuja kuona kama reli iliyofufuliwa na wastaafu wa kujitolea inaweza kubeba watalii bila kuwaua. Na Emlyn Rowlands, mlinda ishara wetu, amefungua kabati la fimbo, akageuka, akasema neno moja.

"Haipo."

Haya, sasa twende.

Mwenyekiti wa chama chetu, Dilwyn Treharne, alipanda ngazi za kibanda akihema. Kabla ya kustaafu Dilwyn alikuwa mzika watu, na hadi leo hajazoea abiria wanaolalamika. Alimuuliza Emlyn kama ametafuta vizuri. Emlyn akamjibu kwamba kabati lenyewe lina upana wa boflo la mkate, si pango la majambazi, mtu akitazama mara moja ametazama lote.

Dilwyn akashuka jukwaani, akavua kofia yake, akauliza kwa sauti ya makaburini:

"Nani amechukua fimbo?"

Kila mtu akamtazama jirani yake.

Hapa lazima nikwambie siri ya watu wa reli. Sisi hatuibi. Sisi tunachukua kitu kwenda nacho nyumbani kuking'arisha. Mtu akiona shaba ina doa, anaifunga kwenye kitambaa, anaondoka nayo Jumamosi jioni, anaisugua mbele ya televisheni, halafu anaizoea. Inakuwa kama mtoto wa kulea. Kuirudisha kunamuuma.

Kwa hiyo Dilwyn alipobadilisha swali, akauliza nani ana kitu chochote cha reli nyumbani kwake, mikono ilianza kupanda mmoja mmoja kama shuleni. Taa nyekundu ya nyuma ya behewa ilikuwa chooni kwa mng'oa meno wa mjini, yule ambaye siku za reli huwa mchochea moto wa Angharad. Kibao cha choo cha wanaume, ambacho kwa miaka tulikuwa tukiulaumu upepo kwa kukichukua, kilikuwa juu ya kitanda cha mwalimu mmoja wa muziki. Na kengele ya kituo, alisema mke wa Dilwyn kutoka dirishani mwa behewa, iko sebuleni kwake, anaitumia kumwitia mwenyekiti chakula.

Dilwyn akavaa kofia yake tena.

Fimbo yenyewe haikuonekana.

Ndipo macho yakahamia kwa Gethin Prosser. Prosser ni mfugaji wa kondoo. Shamba lake linaanzia pale pale reli yetu inapoishia, nyuma ya kizuizi cha mwisho cha Pen-y-graig, na hajawahi kuisemea reli neno jema. Siku hiyo alikuwa amekata tiketi, ameketi kiti cha mbele. Alipoulizwa kwa nini, alisema anapenda kuona watu wakishindwa akiwa amekaa.

Watu wawili walitaka kumpekua. Prosser akainua mikono.

"Nipekueni tu," alisema. "Ila mwenye vidole vya baridi abaki huko huko."

Walimpekua. Walimkuta na jibini, kisu na meno yake ya akiba.

Wakati wote huo, juu ya injini, mkono kwenye kishikio cha mvuke, alisimama mtu ambaye siku ile ilikuwa yake. Nerys Bebb.

Nerys alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Baba yake, mzee Bebb, ndiye aliyeendesha treni ya mwisho siku serikali ilipoifunga njia yetu. Nerys, msichana wa shule, alisimama kwenye daraja la mto Helyg akampungia mkono. Baba hakupunga. Alikuwa analia, na mkono wa kupungia ndio uliokuwa unafuta macho. Nerys hakuyajua hayo mpaka amekuwa mtu mzima. Kwa miaka alidhani baba alimkasirikia.

Tulipoanza kuifufua njia, Nerys alikuja na ndoo. Alianza kwa kuosha tumbo la injini, akaenda kwenye kutupia makaa motoni, akaenda kwenye kujifunza, akafeli, akarudia, na mwezi uliopita akapewa ruhusa ya udereva. Mwanamke wa kwanza katika bonde lote.

Sasa sikiliza, hili usimwambie mtu. Jukwaa zima lilijua Nerys ana miaka sabini na mmoja. Si kweli. Jumanne inayokuja anatimiza sabini na mitano, na chama chetu hakimruhusu mwenye umri huo kushika injini. Wanaojua ni dada yake Beti, na katibu wa chama, ambaye mdomo wake umefungwa kwa keki. Bi. Thwaite akiondoka leo bila kuona treni ikifika Pen-y-graig, hatarudi mpaka majira ya machipuko. Wakati huo treni ya kwanza ataiendesha Dilwyn. Nerys atakuwa anauza kadi za picha dukani.

Ni leo au basi.

Na kuna jambo la pili, dogo, ulikumbuke. Asubuhi ile, Nerys alipokuwa anapaka mafuta kwenye vyuma vya magurudumu, Emlyn alimwendea. Hawa wawili wamechimba pamoja, wakiifukua njia iliyozikwa na miiba, kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Yeye Emlyn huleta chupa ya chai, Nerys huleta mkate na jibini, na huwa wanakula wameketi juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, wanabishana kuhusu wanasiasa. Emlyn alikuwa tarishi wa posta. Mkewe amefariki, na watoto wake wako Australia, wanampigia simu wakati amelala.

Alimuuliza: "Nerys, treni ikishafika Pen-y-graig leo, Jumamosi ijayo tutafanya nini?"

Nerys akafungua mdomo, na Angharad akapiga mvuke, fyuuu, hata njiwa wa paa wakahama. Kelele zilipoisha Nerys alikuwa ameshaingia chini ya magurudumu na chupa yake ya mafuta. Swali likabaki linaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Turudi jukwaani.

Beti, dada yake Nerys, ndiye malkia wa chumba cha chai. Alikuwa amemkalisha Bi. Thwaite mbele ya mkate wa zabibu akiamini kwamba mkaguzi mwenye mdomo uliojaa hawezi kutoa hukumu. Emlyn naye akaingia kuomba chai. Aliingia akichechemea, mguu wa kulia umenyooka kama wa askari wa gwaride.

"Kaa basi, Emlyn bach," Beti alimwambia, yaani Emlyn kipenzi. "Umenisimamia kama nguzo ya simu."

Emlyn alisema hawezi kukaa, ni nyonga.

"Nyonga gani? Jana ulikuwa unaruka mataruma kama mbuzi."

Emlyn akasema baridi ilimwingia. Akanywa chai yake amesimama, ameegemea ukuta, na kila alipomeza alikuwa anatazama injini kupitia dirishani kama mtu anayetazama jeneza la jirani. Beti alimpa kipande cha mkate, na ushauri: mafuta ya kondoo, asugue, alale.

Bi. Thwaite alimeza tonge la mwisho, akafuta vidole, akatoka nje. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, ya kumfanya mtu ainame kumsikiliza, na akishainama ameshashindwa. Aliuliza kanuni zetu zinasemaje fimbo ikipotea.

Hilo ndilo kosa la kumuuliza mtu wa reli. Watu thelathini walifungua midomo pamoja. Hakuna anayekumbuka siku ya ndoa yake, lakini kanuni ya fimbo kila mtu anaijua kwa moyo. Dilwyn ndiye aliyewashinda kwa sauti. Fimbo ikipotea, alisema, anateuliwa mtu mmoja awe fimbo. Anafungwa kitambaa chekundu mkononi. Anapanda kwenye injini. Alipo yeye ndipo ilipo fimbo, na treni haiendi bila yeye.

"Basi mteueni," alisema Bi. Thwaite.

Furaha ikalipuka, ikafa papo hapo. Maana kanuni hiyo hiyo inasema fimbo-mtu lazima awe amefaulu mtihani wa ishara. Aliyefaulu katika sisi wote ni mmoja. Vichwa vyote vikageuka kuelekea mlango wa chumba cha chai, alikosimama Emlyn na kikombe chake.

Emlyn akakataa.

Alisema nyonga haimruhusu kupanda. Dilwyn akamwambia fimbo haijawahi kuumwa nyonga tangu reli ianze duniani. Emlyn akasema labda bora tungojee machipuko, hali ya hewa itakuwa nzuri, maua yatakuwa yamechanua, watalii watapata picha. Watu wakamshangaa. Huyu ndiye aliyekuwa akichimba na homa.

Prosser, kutoka kiti cha mbele, aliomba mtu amletee chai, kwa sababu mambo yameanza kunoga.

Ndipo Nerys aliposhuka kwenye injini. Alifuta mikono kwenye tambara, akampita Dilwyn, akampita mkaguzi, akamshika Emlyn kiwiko na kumvuta pembeni, nyuma ya tangi la maji. Mimi nilikuwa mbali, lakini Beti alikuwa na shughuli ya ghafla karibu na tangi, anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, na ndiye aliyenipa maneno yao.

"Emlyn, siwezi kungoja machipuko. Jumanne natimiza sabini na mitano."

"Ulisema una sabini na mmoja."

"Nimesema hivyo kwa miaka minne."

Beti anasema hajawahi kuona rangi ikimtoka mtu namna ile. Emlyn alitazama mguu wake. Alitazama injini. Nerys akamwambia hamlazimishi, ila kama ni nyonga tu, atambeba mwenyewe mgongoni. Alishabeba magunia ya viazi mazito kuliko yeye.

"Nipeni hicho kitambaa," alisema Emlyn.

Walimfunga kitambaa chekundu. Bi. Thwaite akamsimamisha mbele yake, akamuuliza kama ana hakika kwamba fimbo iliyopotea haitatokea mikononi mwa mtu mwingine njiani.

Emlyn alisema ana hakika kabisa. Mkaguzi alimtazama kitambo, akasogea kando.

Ngazi ya Angharad, kama hujawahi kuipanda, kidato chake cha kwanza kiko juu. Lazima ukunje goti karibu na kidevu. Emlyn alisimama mbele yake. Akapanda na mguu wa kushoto, wa kulia ukakataa. Akajaribu kwa upande. Akajaribu kwa kinyumenyume, na hapo watoto ndani ya behewa wakaanza kumhesabia. Dilwyn akapoteza subira, akamjia nyuma, akamkumbatia kiunoni kwa ufundi wa mtu aliyenyanyua wengi wasiojisaidia, akamsukuma juu.

Mguu wa kulia ukapiga chuma cha ngazi.

Kong!

Mguu wa mtu hausemi kong, mjukuu wangu. Nyonga nazijua, ninazo mbili, na zote zinasema krr.

Dilwyn alimshusha polepole. Akainama, akagonga paja la Emlyn kwa kidole, kama anayebisha hodi. Kong. Beti akaamuru wanawake wote wageuke. Hakugeuka hata mmoja. Na Emlyn Rowlands, tarishi mstaafu, mzee wa kanisa, mtu aliyefaulu mtihani wa ishara kwa alama zote, akaingiza mkono kiunoni mwa suruali yake mbele ya mabehewa mawili ya watu, akavuta. Kikatoka kichwa cha shaba. Kikafuata kitu chekundu. Fimbo ikaendelea kutoka, ndefu, kama ulimi wa ng'ombe.

"Baridi yabisi," alisema Beti.

Hata Prosser hakucheka mara moja. Alicheka baada ya kupumua.

Bi. Thwaite alinyoosha mkono na kicheko kikakatika. Tulijua aliloweza kufanya: kuifunga njia siku ile ile. Alimuuliza Emlyn fimbo iliondoka lini kwenye kabati. Emlyn akasema asubuhi, kabla watu hawajafika.

"Na tangu hapo imetoka kwako?"

"Hapana, bibi. Hata nilipokwenda msalani. Nilipata taabu sana."

Mkaguzi alitazama chini. Mabega yake yalitikisika kidogo, kisha yakatulia. Alisema kanuni inataka fimbo ikae kwa mlinda ishara wa zamu, na kwa alivyosikia, haikukaa kwingine. Haikupotea. Alisema amekagua reli nyingi lakini ulinzi wa karibu namna ile hajauona. Halafu akatazama saa, akasema kama kuna treni, anaomba aione.

Kuna desturi ya kupokezana fimbo. Mlinda ishara anaishika ncha moja, dereva anashika nyingine, dereva anasoma majina ya vituo kwa sauti, na hapo tu mlinda ishara anaachia. Nerys aliifuta kwanza kwa tambara. Aliifuta kwa bidii. Kisha akaishika.

"Cwm Helyg, Pen-y-graig," akasoma.

Emlyn hakuachia.

"Kwa nini, Emlyn?" Nerys aliuliza.

"Sikujua habari ya Jumanne. Nilidhani ni kuahirisha tu. Nilidhani tungepata majira mengine ya baridi ya kuchimba." Alizungumza akiitazama ile shaba. "Nilikuuliza jambo asubuhi. Hukunijibu."

Dilwyn alisema mtu huyu avuliwe kitambaa, avuliwe na uanachama, na ikiwezekana avuliwe na ile suruali kama ushahidi. Nerys akamwambia apulize filimbi yake na aende zake kwenye behewa la nyuma. Dilwyn, ambaye kwa miaka yote ya kazi hakuna abiria aliyewahi kumjibu hivyo, alikwenda.

"Achia fimbo," Nerys alimwambia Emlyn. "Halafu panda."

Goti lilikunjika vizuri kabisa.

Basi tukaondoka. Angharad alikohoa mara mbili, akavuta pumzi, na mabehewa yakatetemeka nyuma yake. Kondoo walitukimbia upande wa kushoto na mvua ikatukimbilia upande wa kulia. Watu waliokuwa wakitucheka tangu enzi ya ndoo ya kwanza walitoka kwenye milango yao wakipunga taulo za jikoni. Mng'oa meno alitupa makaa, Emlyn akasimama pembeni na kitambaa chake chekundu ambacho hakikuwa na kazi tena, na Nerys hakusema naye hata neno. Alikuwa anaendesha.

Tulipofika daraja la Helyg alipunguza mwendo. Hakukuwa na mtu darajani. Nerys alitoa mkono dirishani, akapunga, akapunga mpaka daraja likaisha. Kisha akaufuta uso wake kwa mkono ule ule, ukabaki na masizi mpaka masikioni.

Pen-y-graig, Nerys alisimamisha treni taratibu hata chai ya Prosser haikumwagika. Bi. Thwaite alishuka, akaenda kwenye injini, akampa dereva mkono, naye akabaki na masizi. Alisema mvua ikiruhusu, watalii waje. Watu wakaanza kuimba, maana kwetu watu wakifurahi huimba na wakihuzunika huimba, tofauti ni kofia.

Nerys hakuimba. Alishuka, akamwashiria Emlyn kwa kichwa. Emlyn akamfuata, mikono mfukoni, kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Walitembea mpaka mwisho wa jukwaa, wakakipita kizuizi cha mwisho, pale ambapo reli yetu inaishia na miiba inaanza. Beti alikumbuka kuwa na huko kunahitaji kufagiliwa. Prosser naye alishuka, akawafuata kwa mwendo wa mtu anayeona wageni wanaelekea jikoni kwake.

Nerys aliinua buti lake, akalishusha kwa kisigino katikati ya miiba.

Kong.

Akasogea mbele kidogo, akakanyaga tena. Kong. Chini ya majani, chini ya mizizi na mavi ya kondoo, chuma kilikuwa kimelala kikiendelea mbele kupita ua, kupita zizi, moja kwa moja kuelekea banda la kuku la Gethin Prosser.

Prosser aliuliza, kwa upole wa hatari, kama wanajua wamesimama kwenye shamba la nani na kama wanajua ana bunduki.

Nerys hakumgeukia. Alikuwa anamtazama Emlyn.

"Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, hapa," alisema. "Njoo na sururu. Na uvae suruali inayokunja goti."